Mpangaji wa Chumba cha Pilau

Kichwa kilitoka kwenye robota la mitumba, katikati ya makoti ya baridi kali ambayo hakuna mtu Dar es Salaam aliyewahi kuyahitaji. Kilikuwa kichwa cha plastiki, upara mtupu. Ukifunua utosi wake kama mtu anayefungua dafu, ndani unakuta ubongo wa vipande vipande, kila kipande na rangi yake: chekundu, cha njano, cha kijani, cha buluu. Chini kulikuwa na maandishi ambayo muuzaji alisema ni Kijerumani, mwenzake akasema ni Kichina, na waliposhindwa kuafikiana wakakubaliana kwamba ni chombo cha kuwekea sukari.

Brightson alikuwa anapita tu. Hakuwa na kazi, hakuwa na pa kwenda, na viatu vyake vilikuwa viatu kwa jina. Lakini kuna watu Mungu akiwanyima mkono wa kazi huwaongezea ulimi, na huyu aliongezewa mpaka ukawa unamwagika.

"Braza, hicho cha sukari chukua, nakufungia na koti hili," alisema muuzaji. "Vyote kwa bei ya kimoja. Vimenichosha."

Koti lilikuwa jeupe, refu mpaka magotini, lina kamfuko ka kalamu kifuani. Brightson alilivaa palepale kulijaribu. Mama mmoja aliyekuwa anachambua soksi akainua uso, akaona koti, akaona kichwa kwapani, akasema kwa adabu, "Habari za kazi, dokta."

Hapo ndipo udaktari ulipomwingia. Wengine huufuata miaka mingi, wanakesha na vitabu mpaka macho yanaingia ndani. Hawakujua kwamba unauzwa Manzese pamoja na soksi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kabla ya hapo mtu hakuwa na haja ya kujiuliza anapenda kula nini: alipanga foleni, akipewa unga wa njano alikula wa njano, akikosa alilala. Sasa maduka yamejaa. Mafuta ya kula ya kila namna, mikate laini kama godoro, chipsi kila kona, soda za rangi zote. Watu wakapewa uhuru wa kuchagua. Pesa ya kuchagulia wakaambiwa inakuja nyuma. Na mtu aliyeanza kuchagua juzi, ni rahisi sana kumwambia kwamba anachagua vibaya.

Brightson akaenda Mwananyamala Kisiwani kutafuta chumba. Hakuuliza choo kiko wapi, hakuuliza maji yanatoka siku gani. Aliuliza, "Nyumba hii ina watoto wangapi wa darasa la saba?"

Wako wawili, aliambiwa. Na mtaa mzima? Mtaa mzima wamejaa, na mtihani unakaribia.

"Chumba kinanifaa," alisema dokta.

Ilikuwa nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani kwa wote. Nyumba ya namna hiyo haina siri ya jiko. Ukikaanga kitunguu chumba cha kwanza, chumba cha sita wanajua umeweka na nyanya. Chumba cha pili alikaa Tunu, ambaye baba watoto wake alikuwa anafanya kazi bandarini, na binti yao Najat alikuwa darasa la saba. Chumba cha nne alikaa Demetria, mke wa karani, mtu wa bara, na kijana wake Eliaichi. Nyuma ya uzio wa makuti palikuwa na kibanda cha Mwajabu, dada mkubwa wa Tunu, mama ntilie ambaye wali maharage wake ulijulikana mpaka Kijitonyama. Chumba cha sita, kilichopakana na kibanda hicho, ndicho alichopewa dokta.

Siku ya tatu alitandika mkeka barazani, akaweka kichwa juu ya stuli, akafunua utosi mbele ya wanawake wa mtaa.

"Mama zangu," alianza, "ubongo ni kama nyumba hii. Una vyumba, na kila chumba kina mpangaji. Hiki cha buluu anakaa hesabu. Hiki cha kijani anakaa Kiswahili na maarifa. Hiki cha njano, usingizi. Na hiki chekundu," alikichomoa akakiinua juu, "hiki anakaa mpangaji anayeitwa hamu ya kula."

"Yesu wangu," alinong'ona Demetria.

"Mnadhani mnapochukua kijiko ni nyie mnachagua? Siyo nyie! Ni huyu. Yeye ndiye anasema leo nataka hiki, kesho kile. Sasa mtoto akipenda sana chakula fulani, huyu mpangaji ananenepa. Akinenepa, chumba hakimtoshi. Afanyeje?"

"Ahame," alisema mmoja.

"Ahame aende wapi, mama? Anavunja ukuta! Anaingia kwa hesabu, anamtoa hesabu na godoro lake, hesabu analala ukumbini. Halafu mwalimu anauliza saba mara nane, mtoto anatazama dari. Mnampiga bure!"

Wanawake waliguna kwa uchungu. Kila mmoja alikuwa na wake anayetazama dari, na kila mmoja alikuwa ameshampiga. Huenda ni kweli ndani ya kichwa mna mahali panapochagua kati ya andazi na muhogo. Wasomi wenyewe watajua. Ila hakuna aliyejiuliza mtu huyu amejuaje, kwa sababu kitu chenye rangi kikifunguliwa mbele yako, akili hukaa chini kutazama.

"Dawa ipo?" aliuliza Tunu.

"Ipo, na wala siiuzi. Mie siyo tapeli." Wajanja hupenda sana kukuambia wao siyo nani. "Dawa ni kumtoa mpangaji. Ila msidhani mtamtoa kwa maneno. Ubongo hauna masikio, una macho. Ukiuambia leo hakuna wali, unakucheka. Lazima uone kwa macho wali unatoka mlangoni na haurudi. Kile chakula anachokipenda mtoto kuliko vyote mtakileta kibichi, mtoto atakitazama kikipita, kitaingia kwangu, mlango utafungwa. Mpaka mtihani uishe mtoto atakula mlenda wa kuchemsha, usio na chumvi. Mpangaji akiona hivyo, anafunga virago mwenyewe."

Akatoa futi ya fundi cherehani. Atapima vichwa, na kila mama atataja chakula ambacho mwanawe hupenda. Palepale. Mbele ya wenzake.

Na hapo, mama zangu, ndipo palipokuwa na ndoana. Mtu akikuuliza faraghani unapenda kula nini, utasema kweli. Akikuuliza barazani, mbele ya jirani yako, utajibu kwa niaba ya ukoo.

Wa kwanza alikuwa Demetria. Eliaichi akapimwa kichwa mara mbili, dokta akatikisa chake.

"Huyu anapenda nini?"

Demetria aliangalia kulia, akaangalia kushoto. "Sisi kwetu, dokta, ni kuku. Kuku wa kukaanga, na wali wa mafuta."

Eliaichi alimtazama mama yake kama aliyesikia habari za nchi ya mbali. Nyumba nzima ilijua kwamba chumba cha nne hakijatoa harufu ya kuku tangu Pasaka. Lakini hakuna aliyecheka, maana zamu yake kila mmoja aliiona inakuja.

Tunu alikuwa amedhamiria kusema muhogo na dagaa. Ndicho Najat alichokipenda kweli, angekula mpaka arambe sahani. Lakini baada ya kuku wa mtu wa bara, mtoto wa pwani utasemaje dagaa?

"Biriani," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

"Biriani!" alisema dokta kwa huzuni ya mtu aliyeletewa msiba. "Sasa nimeelewa kwa nini kichwa kimevimba upande huu."

"Mama," Najat alisema taratibu, "si tulikula biriani siku ya harusi ya..."

"Nyamaza, mtu mzima anaongea."

Aliyefuata alitaja nguru wa kukaanga. Aliyefuata, pilau ya mbuzi. Wa mwisho, ambaye watoto wake walikuwa wanakula kwa Mwajabu kwa kukopa, alitaja kamba wakubwa wa Kunduchi. Jioni ile, mtaa ambao haujawahi kula vizuri ulijigundua kuwa ni mtaa wa walafi.

Vyakula vikaanza kuletwa. Wengine waliazima, wengine waliuza khanga. Tunu alitoa kiroba cha mchele ambao kaka yao Suleiman aliuleta kutoka Ifakara, mchele aliokuwa akimpikia Najat kidogokidogo siku za masomo ya jioni, akaongeza dumu la mafuta na jogoo. Najat alisimamishwa mlangoni, atazame. Alitazama. Kiroba kikapita, dumu likapita, jogoo akapita akilalamika, mlango wa chumba cha sita ukafungwa.

"Dokta, naomba kuuliza," alisema Najat.

"Uliza, binti."

"Kama mtu hana chakula cha kuchagua, hapo ni chumba gani kinachochagua?"

Dokta alimtazama, kisha akamgeukia Tunu. "Umeona? Chumba cha ubishi nacho kimeanza kuvimba."

Wiki ya pili ya mlenda Najat alianguka mstarini shuleni, wimbo haujafika nusu. Walimrudisha nyumbani amebebwa, miguu inaning'inia kama khanga kwenye kamba. Tunu alikimbilia chumba cha sita.

"Dokta! Mtoto kaanguka!"

"Vizuri sana," alisema dokta. "Mpangaji anahama. Anayehama kwa hasira lazima avunje vyombo."

Tunu alirudi, akakaa kitandani karibu na mwanawe, akamshika mkono. Mkono ulikuwa umekuwa mwepesi. Hapo ndipo Mwajabu alipoingia na bakuli la uji wa maziwa, akamnyanyua Najat, akamnywesha bila kumwomba mtu ruhusa.

"Dada, dokta amekataza..."

"Tunu, wewe umelishwa maneno na mtoto kalishwa mlenda. Huyo dokta kasomea wapi?"

"Ana koti, dada."

"Hata mwenye bucha ana koti."

"Sasa nikiacha, halafu mtoto akafeli? Wenzangu wote wanaendelea. Mie ndiye nitakuwa mama aliyemfelisha mwanawe kwa tamaa ya wali!" Akaanza kulia. "Na mchele nimeshatoa. Nikisema ni uongo, nimetoa bure."

Hilo la mwisho ndilo linalowaweka watu wengi kwenye foleni za wajanja mpaka leo. Mwajabu alimwangalia mdogo wake, hakumkaripia.

"Mtihani mwezi ujao," alisema. "Mtoto asipokula, hafiki. Mchele utarudi, na atauleta yeye mwenyewe kwa mikono yake. Ila wewe endelea kuwa mjinga, usiache hata siku moja. Na unitafutie shazia, lile sindano kubwa la kushonea magunia."

Kesho yake dokta alikuwa barazani, anapima vichwa vya watu wa Magomeni, maana sifa zilikuwa zimeshavuka barabara. Mwajabu alifika na mwiko mkononi, jasho linamtoka.

"Shikamoo, mama," alisema dokta. Adabu alikuwa nayo. Ilikuwa sehemu ya vifaa.

"Marahaba, mwanangu. Sie wapishi tuna swali. Wewe mwenyewe, na ubongo wako huo uliosoma, unapendaga kula nini?"

Wanawake wote wakamgeukia. Brightson aliangalia kulia, akaangalia kushoto, kama Demetria alivyoangalia. Mbele ya watu wote hao, mtu mkubwa kama yeye aseme chipsi?

"Mie?" Akacheka kidogo. "Mie, mama, mpangaji wangu nilimtoa zamani. Nakula mlenda. Wa kuchemsha. Usio na chumvi. Na ukinipa kingine, kwa kweli kinanikwama."

"Mashallah," alisema Mwajabu, akageukia wenzake. "Jamani, mnamsikia? Na mgeni huyu anakaa peke yake, hana mke, hana wa kumpikia. Sie watu gani?"

Aibu iliushika mtaa mzima. Kuanzia siku hiyo zikapangwa zamu. Mchana Demetria anapeleka mlenda, jioni Tunu anapeleka mlenda, asubuhi mama wa kamba wakubwa anapeleka mlenda uliolala. Na hawakuweka sahani na kuondoka. Mgeni halishwi kama paka. Walikaa naye, wakaleta na watoto, ili watoto waone mfano.

"Tazama, Eliaichi, dokta anavyokula. Wala hakunji uso."

Brightson alikula bila kukunja uso. Mlenda ulishuka koo lake kama kamba ya kisima, na kila alipomaliza, Tunu alimwongeza.

Sasa mtazameni mtu mkubwa huyu. Ndani ya chumba chake kulikuwa na mchele mpaka karibu na dari, madumu ya mafuta, sukari, nguru mkavu, majogoo wanaotembea juu ya kitanda. Hakuweza kupika hata punje. Angekaanga kitunguu kimoja, vyumba vitano vingenyoosha pua. Siku moja alitoroka kwenda Magomeni kula chipsi. Ameinua kipande cha kwanza, sauti ikatoka nyuma: "Shikamoo, dokta! Na wewe huku?" Ikabidi akichunguze kipande kwenye mwanga, aseme ni utafiti, akirudishe. Na hakupenda kukaa mbali na chumba, maana anayejua makufuli ya wenzake yanavyofunguka hawezi kuliamini la kwake. Vyote vilikuwa vinamngoja Albano, mfanyabiashara wa Boko mwenye pikapu, ambaye walishaelewana kwamba atakuja kubeba siku ya mtihani, mama wote wakiwa shuleni. Kabla ya hapo Albano hakutaka hata kusikia.

Mchana mmoja Mwajabu aliweka sufuria chini ya dirisha la chumba cha sita. Akamwaga mafuta. Akatia vitunguu, akavisubiri viwe rangi ya shaba. Akatia thomu na tangawizi. Bizari nzima, mdalasini, iliki, karafuu. Halafu akapunguza moto, akachukua kipepeo, akaanza kupepea. Hakuwa anapepea moto. Alikuwa anapepea dirisha.

Pazia lilisogea. Likatokea jicho, likatokea pua, mwishowe akatokea dokta mzima.

"Mama Mwajabu," alisema kwa sauti ndogo, "hiyo ni nini?"

"Pilau ya wateja, dokta. Nisamehe, najua inakukwama."

Mate yalimshuka kooni mpaka yakasikika nje.

"Kuna... utafiti nataka kuufanya," alisema Brightson.

"Mwanangu," alisema Mwajabu bila kuinua uso, "kibandani kwangu moshi ni kazi yake. Hakuna pua itakayouliza. Lete mchele wako, lete jogoo mmoja, mie nakupikia, unapokea hapo dirishani. Mlenda kula mbele za watu, pilau kula mbele ya Mungu. Mie ni mtu mzima, siri nimezika nyingi."

Brightson alikula siku ile mpaka akakaa chini sakafuni. Mchele wa Ifakara, punje moja moja, nyama ya jogoo aliyelelewa kwa pumba na makombo. Alilia machozi, naye alidhani ni pilipili.

Siku ya pili Mwajabu aliporudisha sahani alisema, "Dokta, mchele wako una fukusi."

"Una nini?"

"Wadudu. Chumba kina joto, hakina hewa. Mchele haukai hivyo, lazima uanikwe, upetwe, urudishwe ndani ya kiroba, ushonwe mdomo. Wewe ni mtu wa vichwa, utayajuaje mambo ya ungo? Nipe kimoja kimoja kwa mlango wa uani, nakupetea, nakurudishia. Na hao majogoo, mwanangu! Leo alfajiri wamewika watatu. Watu wataanza kuuliza dokta anaamshwa na nini. Niletee niwafungie bandani kwangu."

Mtu mwenye akili angesimama hapo akapiga hesabu. Lakini Brightson alikuwa anasikia sufuria ya nguru wa nazi ikichemka nyuma ya sauti ya Mwajabu, na alikuwa na kijiko mkononi. Akasema, "Ahsante, mama. Kweli uzazi ni wewe."

Basi vikawa vinatoka na kurudi. Kiroba kinatoka mlango wa uani wakati wanawake wamejaa barazani, jioni kinarudi kimepetwa, mdomo umeshonwa kwa uzi mwekundu, mshono umenyooka kama mstari wa daftari. Dumu linatoka kwenda kuchujwa, linarudi limefungwa. Brightson alivitazama vikitoka, alivitazama vikirudi, na kati ya kutoka na kurudi palikuwa na sahani. Alianza kunenepa. Koti likambana mabegani.

Watoto nao wakanenepa. Kila saa nne, kengele ya mapumziko ikilia, darasa la saba walikuwa wanapita nyuma ya uzio wa makuti, wanakaa chini, kila mmoja anapewa sahani: wali maharage, samaki, siku nyingine kipande cha kuku. "Atakayesema nyumbani," Mwajabu aliwaambia, "kesho mlenda." Hakuna serikali iliyowahi kutunziwa siri namna hiyo. Na Mwajabu hakuwa malaika. Mpishi naye ana tumbo, na lile banda la majogoo halikurudi kuwa tupu tena.

Mama zao wakashangaa. "Mnaona? Mlenda mtupu, na mashavu yamerudi!" alisema Demetria barazani. "Eliaichi juzi kanitajia saba mara nane bila kutazama dari. Dokta, wewe ni zawadi." Akaongeza kiroba kingine, cha shukrani. Nacho kikapita mlango wa mbele, na kesho yake kikatoka mlango wa uani, kwenda kupetwa.

Siku ya mtihani mama wote walikwenda kusimama nje ya uzio wa shule, kama kwamba jibu likipotea litarukia nje walidake. Mtaa ukawa mtupu. Pikapu ya Albano iliingia kinyumenyume. Albano alishuka, mtu mfupi, tumbo mbele, na mkononi ana bambo, ule mrija wa chuma uliochongoka ambao wanunuzi wa nafaka huchomekea gunia kuona kilichomo.

"Si lazima hilo, mzee," alisema Brightson akicheka. "Ni Ifakara safi. Umepetwa."

"Mie hata mama yangu namchomekea bambo," alisema Albano.

Akachoma kiroba cha juu, karibu na mdomo. Mchele mweupe ukatiririka kiganjani. Brightson akanyoosha mikono kama aliyesema sala ikakubaliwa. Albano akachoma tena, chini zaidi. Zikatoka pumba. Akachoma tumboni kabisa. Ukatoka mchanga, mchanga mzuri wa kujengea, mkavu, haukuwa na fukusi hata mmoja.

Akachoma cha pili. Cha tatu. Alipofungua dumu la mafuta, juu yalielea mafuta ya unene wa kidole, na chini yake yalikuwa maji ya bomba. Kiroba kilichoandikwa nguru kilikuwa kimejaa makuti.

"Kijana," alisema Albano polepole, "umenitoa Boko na pikapu nikanunue kiwanja?"

"Mzee, nisikilize, huyu mama..."

Hakusikilizwa. Mafuta ya gari hayaji bure, na Albano alikuwa mtu wa kujilipa palepale. Alichukua koti jeupe, ambalo alisema litamfaa mwanawe wa bucha, akachukua saa, akachukua na viatu, vile vipya alivyovinunua dokta alipofanikiwa. Kichwa cha plastiki alikitazama, akakifunua, akakiacha. Pikapu ikaondoka.

Brightson alitoka uani pekupeku, mbio, mpaka kwenye uzio wa makuti. Mwajabu alikuwa anakoroga sufuria. Pembeni yake, kwenye kigoda, alikaa Tunu. Hakuwa ameenda shuleni na wenzake. Mkononi alikuwa na shazia, na uzi mwekundu umezungushwa kwenye kidole.

"Mali yangu iko wapi?" alisema Brightson, lakini kwa sauti ya chini, maana ukipiga kelele ya mali lazima useme uliipata wapi.

"Mali gani, dokta?" aliuliza Mwajabu.

"Mchele! Si nilikupa mchele?"

Tunu akasimama. Kwa wiki nyingi alikuwa amemwamkia mtu huyu, amemtilia maji ya kunawa, amemwongeza mlenda. Akamwangalia kuanzia kidole cha mguu mpaka utosini, kama anayempima kwa futi.

"Ubongo hauna masikio, dokta, una macho," alisema. "Si uliviona vikitoka mlangoni?"

Brightson alifungua mdomo. Mdomo ule ambao haujawahi kukosa neno ulibaki wazi kama utosi wa kile kichwa. Ndani yake chumba chekundu kilikuwa kimeshavunja ukuta siku nyingi, kimemtoa hesabu na godoro lake. Na hilo, katika yote aliyoyafundisha, lilikuwa la kweli.

Alirudi ndani kuchukua kichwa chake, aondoke kimya, lakini hakuwahi. Wanawake walikuwa wanarudi na watoto wao, wanaimba. Walimkuta njiani pekupeku, bila koti, kichwa kwapani.

"Dokta! Unatuacha?" Demetria alishika kifua. "Na viatu?"

"Amegawa," alisema Mwajabu kutoka nyuma. "Mtu wa Mungu huyo. Hataki kitu."

Basi wakamlilia. Wakamshika mikono, wakamwombea dua za kila dini. Mama wa kamba wakubwa akasema mgeni haondoki mikono mitupu, akakimbia ndani, akatoka na sufuria yenye kifuniko, imefungwa kwa kitambaa, ya moto. Mlenda. Usio na chumvi. Wa safari. Na kwa kuwa safari ni ndefu, walisema, bora ale kidogo sasa hivi, wamwone.

Najat alisimama pembeni, kidole chake kina wino wa mtihani, akamtazama akila mpaka mwisho.

Majibu yalipotoka, Najat alichaguliwa kwenda sekondari, na Eliaichi hakuchaguliwa. Demetria mpaka leo anasema alikosea mwenyewe, kuna siku alimtilia mtoto chumvi. Tunu hubana midomo. Atamwambia nini, kwamba mwanawe alikuwa anakula vizuri tu, ila hesabu haikumpenda?

Mtu huyo yupo. Wamemwona Temeke, upande wa Tandika, ana koti jingine, na kichwa kile kile, ila kipande chekundu kimepotea na mahali pake amechonga kiazi. Mwenye mtoto darasa la saba na asikie. Ukimwona anatandika mkeka, pita. Ukishindwa kupita, akakuuliza mbele ya majirani kwenu mnapenda kula nini, sema ugali na dagaa. Na kama hujazoea kusema kweli mbele ya majirani, anzia hapo.